TAJIRI, JICHO LILILOCHANIKA HALIPONI KWA PANADOL!

"Meza Panadol mbili, kanawe uso, halafu rudi mezani. Kadi za harusi zinangojewa saa kumi."

Hayo ni maneno ya tajiri wangu, mwaka 2021, katika duka la uchapaji Kariakoo ambalo sitalitaja jina kwa sababu bado linanilisha. Nilikuwa nimemwambia kwamba jicho langu la kushoto limeanza kunyeshewa masizi. Ndiyo, masizi! Vidoa vyeusi vilikuwa vinashuka mbele ya macho kama mtu ametikisa jiko la mkaa juu ya kichwa changu, na kila nikigeuza shingo naona vimulimuli pembeni, kama paparazi wamenivamia. Tajiri akacheka. Akasema vijana wa siku hizi mna macho ya kuku, mkikaa mbele ya kompyuta saa nane mnalia.

Panadol sikumeza. Nilichukua begi langu nikatoka nje nikapanda bodaboda mpaka hospitali. Siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, nilikuwa nimeshachomwa mionzi ya leza na retina yangu imeshikizwa mahali pake. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Leo naandika makala hii kwa jicho lile lile alilotaka kulitibu kwa Panadol.

Ndugu msomaji, usidhani nilikuwa mjanja. Ujanja nilikuwa nimeununua, na bei yake ilikuwa jicho la kulia.

Naomba nirudi nyuma hadi Agosti 2017. Mimi ni mtoto wa Mwimbi, Ufipa, mkoa wa Rukwa, huko ambako ukipanda kilima unaitazama Zambia. Tangu darasa la nne navaa miwani minene ya kuonea mbali. Mwaka ule, kabla sijaenda likizo, niliona vimulimuli wiki nzima. Nikajiambia ni uchovu. Tulikuwa tumekesha siku tatu na mabango ya mkutano wa injili. Nani ataacha kazi kwa sababu ya mwanga unaopita pembeni mwa jicho? Nikapanda basi nikaenda kumsaidia mzee kupukuchua mahindi.

Siku ya pili kijijini masizi yakaanza. Siku ya nne kikaja kivuli upande wa pua, kama pazia linalovutwa taratibu na mtu ambaye hana haraka. Sikusikia maumivu yoyote! Hapo ndipo penye mtego. Jino likiuma utahangaika usiku kucha hata kama ni tundu dogo, lakini retina ikichanika haisemi. Inakuachia giza linaloingia kimya kimya.

Nyumbani kikao kikakaa. Mnalijua jina la Sumbawanga maana yake, si ndiyo? Tupa uchawi. Mji mzima umepewa jina la kuwaambia watu waache uchawi wao nje, lakini huku Dar ukisema tu umetoka Rukwa wenzako wanauliza kama umekuja kwa ungo. Basi wapo nyumbani walioona kwamba nimetupiwa kitu, kwa sababu kijana wa mjini amerudi na simu nzuri. Ndugu mmoja akaja na majani ya kukamulia jichoni. Namshukuru mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, kwa kuyamwaga yale maji uani. Hakuwa amesoma, lakini alisema jicho si kidonda cha mguu. Baadaye nimejifunza kwamba dawa za kukamulia namna ile zimewapofusha watu wengi Afrika Mashariki kwa kuoza kioo cha mbele cha jicho. Ningekuwa nimepata magonjwa mawili kwa bei ya moja.

Nikaenda kituo cha afya. Tabibu niliyemkuta alikuwa mkweli, na ukweli ule naheshimu hadi leo. Alimulika tochi, akaniambia: "Ndugu yangu, mimi naweza kuona mbele ya jicho lako. Nyuma sioni. Hata nikiona, sina cha kukufanyia. Nenda mbali, nenda upesi."

Upesi kwa njia gani? Barabara ya vumbi hadi Sumbawanga mjini. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma, Tunduma hadi Mbeya, Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Mabasi wakati ule yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, marufuku iliyoondolewa mwaka 2023, kwa hiyo unalala njiani jicho likiendelea kubanduka. Na kabla ya basi kuna nauli, na baada ya nauli kuna hospitali. Mzee alikuwa na mahindi ghalani. Lakini 2017, mnakumbuka, ndio mwaka ambao serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi! Zambia tunaiona kwa macho, wanunuzi tunawafahamu, lakini gunia halivuki. Bei ikaporomoka Rukwa nzima. Mzee aliuza magunia kumi na manne kwa fedha ambayo mwaka uliotangulia ingetoka kwenye magunia saba. Siku tano zikapotea katika kutafuta mnunuzi.

Wakubwa walioweka marufuku ile walisema wanalinda chakula cha taifa. Sibishani nao leo. Nasema tu kwamba katika hesabu zao hakukuwa na mstari ulioandikwa "jicho la kijana wa Mwimbi". Mkulima ghala lake ndilo benki yake, na ndilo bima yake pia. Ukilifunga, umefunga na hospitali.

Nilipofika Dar zilikuwa zimepita siku tisa tangu masizi yaanze. Daktari akanieleza kilichotokea, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Jicho ni mpira, na ndani yake umejaa ute mzito kama wa yai. Nyuma, kama karatasi ya ukutani, kumebandikwa utando mwembamba unaopokea picha, ndio retina. Kadiri miaka inavyokwenda ute ule hunywea na kujivuta kutoka ukutani. Kwa watu wengi hujivuta salama. Lakini mwenye jicho refu, yaani sisi wa miwani minene, au aliyepigwa jichoni, au aliyewahi kupasuliwa mtoto wa jicho, au mwenye ndugu wa damu aliyepatwa, retina yake inaweza kuwa imechakaa mahali. Ute ukivuta pale, unachana. Maji yakipenya kwenye ule mchaniko, retina inabanduka kama karatasi iliyolowa. Ikibanduka hadi sehemu ya katikati tunayosomea, hata ikirudishwa haiwi kama zamani, na kila siku inayopita inapunguza kinachoweza kuokolewa.

Ukiwahi wakati ni mchaniko tu, leza inachoma kuuzunguka, kovu linashika kwa muda wa wiki mbili hivi, basi. Ukichelewa hadi ibanduke, ni upasuaji mkubwa. Tofauti ya mambo hayo mawili kwangu ilikuwa siku tisa na magunia kumi na manne.

Nikapasuliwa. Wakatoa ute, wakajaza jicho kwa gesi inayosukuma retina irudi ukutani mpaka ishike. Nikaambiwa nilale kifudifudi wiki nzima, uso chini, usiku na mchana. Chumba kimoja Manzese, joto la Dar, bati juu, mimi natazama sakafu! Mechi ya Simba na Yanga unaisikiliza redioni huku umeinamia ndoo. Washikaji zangu wa kijiweni waliniletea chakula kwa zamu, na hilo silisahau. Mmoja wao alikuwa ananilisha huku ananitukana ili nisilie.

Halafu likaja ambalo sikulitegemea.

Gesi ile hukaa jichoni wiki sita hadi nane. Daktari aliandika kwa kalamu nyekundu kwenye cheti: asipande ndege, asipande mlimani. Kwa nini? Ukitaka kujua, nunua paketi ya bisi iliyofungwa hapa Dar, panda nayo basi. Ikifika Mafinga imevimba kama imetaka kupasuka. Huko juu hewa ni nyepesi, gesi inatanuka. Ufipa iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na njia yenyewe inapita juu kwa juu tangu nyanda za Iringa. Kiputo cha gesi kilichojaa jichoni usawa wa bahari, huko kwetu kingetanuka karibu robo nzima. Jicho halina pa kutanukia. Mishipa ya damu inabanwa, na jicho linakufa kabla hujafika Tunduma.

Wiki ya tatu baada ya upasuaji, mama mkubwa akafariki.

Baba mdogo alinipigia simu. Nilimweleza habari ya gesi, nikijisikia mjinga, maana nani anaamini kwamba mtu hawezi kwenda kumzika mama yake kwa sababu kijiji chake kiko juu mno? Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi mwanangu, usipande. Tutakuzikia." Lakini si wote walikuwa na moyo wa baba mdogo. Wapo walionena msibani kwamba nimekuwa mzungu. Kaka yangu mmoja aliniuliza ana kwa ana, nilipofika Desemba: "Jicho gani hilo linalokataza mtu kupanda basi?" Sikumjibu. Nilikwenda makaburini peke yangu, na jicho la kulia lililookolewa lilikuwa linaona kaburi kama kitu kilichoko chini ya maji.

Ndiyo sababu mwaka 2021 sikumeza Panadol.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2024 jicho lile lile la kushoto lilichanika tena, mahali pengine, karibu na mpaka wa makovu ya leza ya kwanza. Nikachomwa tena. Aliyepatwa jicho moja ana hatari kubwa kuliko wengine ya kupatwa la pili, na mwenye retina chakavu haponi kwa kuponywa mara moja, anaishi nayo. Kila baada ya miezi kadhaa natiwa dawa ya kupanua mboni, natazamwa mpaka pembeni kabisa, narudi nyumbani nikiwa sioni hata namba ya daladala. Siku hiyo sifanyi kazi. Tajiri anaikata.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana kijiweni nimesikia mengi. Kuna mambo mawili ambayo watu, matajiri na wafanyakazi pamoja, wanayachanganya.

Kuna jicho lililochoka na kuna jicho lililochanika. Lililochoka linawasha, linakauka, linatoa machozi, kichwa kinagonga, herufi zinacheza jioni. Sababu zake ni kukodolea kioo cha kompyuta bila kupepesa, miwani ya barabarani isiyopimwa, taa mbovu, na saa kumi na mbili za kazi. Hilo linaudhi lakini halipofushi. Kusoma hakuchani retina. Kompyuta haichani retina. Mimi mwenyewe niliogopa kurudi kazini nikidhani kila kadi ya harusi inanipeleka karibu na giza, mpaka daktari akaniambia nifanye kazi bila hofu, ila nipumzishe macho: kila dakika ishirini nitazame kitu kilichoko mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde ishirini, na nikumbuke kupepesa. Dukani kwetu mita sita hakuna, kwa hiyo natoka mlangoni naangalia mnara wa msikiti wa ng'ambo. Tajiri ameshazoea. Anadhani nimekuwa mcha Mungu.

Lililochanika ni vimulimuli, masizi ya ghafla, pazia. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla, ni siku hiyo hiyo.

Hatari ni kwamba aliyezoea jicho lililochoka analipokea lililochanika kwa jina la zamani. Mimi nilifanya hivyo. Na wote wanaolala saa nne kwa ajili ya kazi za watu wanafanya hivyo, kwa sababu uchovu ndio ugonjwa pekee tunaoruhusiwa kuwa nao.

Nenda Gerezani pale utazame vijana wanaochomelea mageti. Miwani yao ni ile ya jua ya kununua kwa machinga, wengine hawana kabisa, anafumba jicho moja, eti analinda nusu ya mali. Usiku wanalala na mchanga machoni, wanatiana maziwa. Ule mwanga unaunguza mbele ya jicho na kwa kawaida hupona kwa siku chache. Lakini wanapogonga chuma kwa chuma, kibanzi kidogo kuliko chembe ya chumvi kinaruka kwa kasi ya risasi, kinatoboa jicho, kinapita hadi nyuma. Hicho kinachana retina. Kijana anasikia kama mbu amemgonga, anasugua, anaendelea. Wiki ya pili anasema ameona kiza, na wenzake wanasema amerogwa. Hapa Gerezani hakuna ungo wala Sumbawanga. Ni miwani ya kazi ambayo tajiri hakununua!

Na sheria ipo, jamani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, tena inataka wafanyakazi wapimwe afya zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mgonjwa mwenye cheti cha daktari siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu. Tajiri wangu alipokuwa ananikata siku za kliniki nilikuwa siijui. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015 kwa wanaoumia kazini. Kibanzi cha Gerezani kinamhusu. Retina yangu iliyochakaa tangu utotoni haihusiki, na sidai. Lakini niambieni, ni wangapi kati ya wale vijana wana karatasi ya mkataba? Mkataba wao ni kugongeana mikono na chai ya asubuhi. Sheria nzuri imewekwa kabatini, na ufunguo ni karatasi ambayo kabwela hapewi.

Ndiyo maana wengi wanaficha. Nami nilificha. Mwaka 2018 niliomba kazi mahali pengine, wakaniuliza kama nina tatizo la afya, nikasema sina. Nilikaa pale miezi minne nikikaa upande wa kulia wa kila mtu ili wasijue kwamba kulia sioni vizuri. Nilipogonga kikombe cha chai cha mkubwa mmoja, kikamwagikia kwenye karatasi zake, nikaitwa mzembe. Nikaona afadhali kuitwa mzembe kuliko kipofu. Mtu anaweza kuacha uzembe.

Msidhani ni sisi walalahoi tu. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 2007 hadi 2010, alipigwa kichwani akicheza raga akiwa na miaka 16, retina ikabanduka, jicho la kushoto likafa pamoja na kupasuliwa mara kadhaa. La kulia nalo likachanika baadaye, likaokolewa kwa upasuaji. Mwaka 2009, akiwa Waziri Mkuu, ikagundulika michaniko mingine kwenye lile moja lililobaki, madaktari wakaamua kuiangalia bila kupasua. Aliendesha nchi akiandika kwa kalamu nene nyeusi na herufi kubwa. Na mwaka huo huo gazeti la The Sun lilimwanika hadharani kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi katika barua ya rambirambi kwa mama wa askari. Sisi wa magazeti nasi tuna dhambi zetu. Bondia Sugar Ray Leonard naye retina ya jicho la kushoto ilibanduka mwaka 1982, akapasuliwa, akastaafu, halafu akarudi na mwaka 1987 akamshinda Marvin Hagler. Lakini Leonard alikuwa na hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, si gunia la mahindi lililozuiwa mpakani.

Elimu yenyewe si ngeni. Mswisi Jules Gonin wa Lausanne alionyesha karibu miaka mia iliyopita kwamba retina hubanduka kwa sababu ya mchaniko, na kwamba ukiuziba inarudi. Kabla yake wagonjwa walilazwa chali miezi mingi na wengi wakapofuka hivyo hivyo. Baada ya kupatwa kwa jua Julai 1945, Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath alimwona mgonjwa aliyetazama jua likamchoma retina, akawaza: kama jua linachoma mpaka linaacha kovu, kwa nini lisitumike kushikiza? Mwanzoni akatumia jua lenyewe! Wengi wenu mnakumbuka Septemba 1, 2016, watu walivyofurika Rujewa kule Mbeya kuangalia jua likipatwa, wakigawana miwani maalumu. Moto ule ule tuliokuwa tunaukinga pale ndio, ukipimwa na kuelekezwa, ulioniokoa mimi.

Sasa tuulizane. Huduma ya retina tunaijua iko kwenye hospitali kubwa, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi. Tunashukuru, na madaktari wale wanafanya kazi ya watu kumi. Kwa hesabu za Ulaya, retina hubanduka kwa mtu mmoja hivi katika kila watu 10,000 kwa mwaka. Hata ukikata hesabu hiyo nusu kwa kuwa sisi si wao, Rukwa yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu katika sensa ya 2022 ingepata wagonjwa kama sabini na tano kila mwaka. Wako wapi? Wamekaa nyumbani wanasema walirogwa.

Kampeni ya dunia ya Vision 2020 iliyozinduliwa mwaka 1999 ilihesabu mtoto wa jicho, trakoma, usubi, upofu wa watoto na miwani. Mambo mema, na ndiyo yanayopofusha wengi. Lakini retina haikuwa kwenye orodha ya vipaumbele, na kisichohesabiwa hakitengewi fungu. Uchangiaji wa matibabu tulianza mwaka 1993, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa na Bunge Novemba 2023. Miaka thelathini hiyo! Vigogo wakisikia kitu kimewakwaruza jichoni wanaulizia ndege ya India. Sisi tunaulizia bei ya gunia.

Sidai mpasuaji wa retina akae Mwimbi. Huo ungekuwa wendawazimu, na kiputo cha gesi kimenifundisha kwamba hata mahali pa kupasuliwa pana hesabu zake. Ninachodai ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo sioni kisingizio. Mkoani Sumbawanga, kila siku ya wiki, awepo mtu anayejua kupanua mboni na kutazama nyuma ya jicho hadi pembeni, na mashine ya leza ya kushikiza mchaniko kabla haujawa janga. Leza haihitaji chumba cha upasuaji. Haihitaji kulazwa. Haihitaji kumzuia mtu asimzike mama yake. Na tabibu wa kituo cha afya apewe maneno matatu ya kubandika ukutani, vimulimuli, masizi, pazia, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Yule wa kwetu alijua kuniambia "nenda upesi". Hakuwa na wa kumpigia.

Nanyi vijana wenzangu wa miwani minene, mnaoivua mkiwa na wasichana, hebu ivaeni. Haizuii retina kuchanika, lakini inakuzuia kugonga vikombe. Na anayecheza ndondi mtaani apimwe nyuma ya jicho. Mwenye ndugu aliyepofuka ghafla aulize ilikuwaje. Ukiona pazia, usimwombe tajiri ruhusa. Mwambie tu unakwenda.

Wa kwangu amebadilika kidogo. Juzi alinifuata mezani, akasimama nyuma yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama vimulimuli vinavyotokea akiinuka kitandani alfajiri ni vya uchovu au ni "ile yako". Ana miaka hamsini na nane. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa mtoto wa jicho. Nilimwambia afunge duka.

Alitazama foleni ya wateja, akanitazama, akaniambia atakwenda Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku yangu ya kliniki. Nimemwambia ni leo, si Jumatatu. Nimemsimamishia bodaboda mlangoni, na wakati naandika mstari huu bado anatafuta funguo.